Mkanda peke yake hauokoi: mikanda ya mashindano na viti vya kiwanda



Leo naacha kidogo mihogo na mbolea. Kuko swali moja ambalo linarudi kwa wenzetu walioenda kuishi Ulaya, zaidi Ubelgiji, wakapata kazi nzuri na kujinunulia gari dogo la spoti. Wanauliza: je, naweza kuweka mikanda ya mashindano, ile ya pointi nne ao sita, na kubakiza viti vilivyotoka na gari kiwandani? Mmoja wa promosheni yetu aliniuliza hivyo kuhusu Mazda MX-5 yake. Anataka kuikimbiza kwenye viwanja vya Zolder na Spa-Francorchamps, siku zile ambazo mtu yeyote analipa na kuingia na gari lake. Bibi yake atakaa kando yake. Mikanda amekwisha kuiona kwa intaneti: bei ndogo, rangi nyekundu, inapendeza macho.

Mutaniuliza: mtu wa agronomia anatafuta nini mule? Jibu langu ni trakta. Katika somo la mashine za kilimo kuko kanuni moja ambayo mwanzoni inashangaza. Trakta ikiwa na upinde wa chuma unaomkinga dereva wakati inapinduka, funga mkanda. Ikiwa haina upinde, ao upinde umelazwa chini, usifunge. Ni mkanda ule ule, mtu yule yule. Mahali pamoja unamuokoa kwa sababu unamshika ndani ya nafasi ambayo chuma kinamlindia. Mahali pengine unamfunga chini ya kilo elfu mbili zinazomwangukia. Uswidi ililazimisha upinde huo kwenye trakta mpya tangu 1959. Mwaka ule ule, kule kule Uswidi, Nils Bohlin, injinia wa Volvo, alileta mkanda wa pointi tatu ambao sisi wote tunaufunga leo.

Kanuni ya trakta njo kanuni ya gari la spoti: mkanda si kitu kimoja kinachosimama peke yake. Mkanda, kiti, chuma cha juu na kinga ya shingo ni timu moja. Ukibadilisha mchezaji mmoja na kuacha wengine, unaweza kuwa umeharibu timu nzima.

1. Mkanda wa kawaida si wa kudharau

Wengi wanafikiri mkanda wa pointi tatu ni wa wazee wanaoenda sokoni polepole, na mkanda wa pointi nne ni wa wanaume. Tupige hesabu kwanza.

Gari inaenda kilometa 50 kwa saa, ni kusema karibu mita 14 kwa sekunde. Inagonga ukuta. Tuseme mwili wako unasimamishwa ndani ya nusu mita, kwa kuhesabu bati la mbele linalokunjamana na mkanda unaonyooka. Kwa mtu wa kilo 70, nguvu ya kumsimamisha ni karibu kama uzito wa kilo 1400. Ni magunia 14 ya mahindi, ya kilo 100 kila moja, yakikuegemea kwa mara moja. Na hiyo ni 50 tu. Nguvu inapanda kwa mraba wa mwendo: ukienda 100, ndani ya nusu mita ile ile, si magunia 28, ni 56.

Swali basi ni hili: magunia hayo yanapita wapi kwenye mwili? Mkanda wa kawaida umejibu vizuri. Sehemu ya chini inashika mfupa wa nyonga, ambao ni mgumu. Sehemu ya juu inapita kwenye mfupa wa bega moja na kifua. Katika gari za kisasa kuko baruti ndogo inayokaza mkanda mara tu gari inapogonga, halafu kuko kifaa kinachoachilia mkanda kidogo kidogo ili mbavu zisivunjike, na mfuko wa hewa unapokea kichwa na kifua. Vyote hivi vilipimwa pamoja, na kiti kile kile, katika gari ile ile. Ukitoa mkanda huo, unatoa kipande kimoja cha mashine iliyokwisha kupangwa.

2. Pointi nne na tumbo

Mkanda wa pointi nne una kamba mbili za mabega na mbili za nyonga, na zote zinakutana kwenye kufuli moja, karibu na kitovu. Njo hapo shida inaanzia.

Gari ikigonga, mabega yanavuta kamba zao kwenda mbele na juu. Kamba zinavuta kufuli. Kufuli inapanda, na inapanda pamoja na mkanda wa nyonga. Wakati huo huo makalio yanateleza mbele chini ya mkanda. Mkanda unaacha mfupa wa nyonga na kuingia tumboni, mahali ambapo hapana mfupa. Kuko ini, kuko wengu, kuko matumbo. Magunia yetu 14 sasa yanakaa juu ya nyama laini. Mtu anaweza kutoka kwa gari bila damu hata moja nje, kumbe ndani anakwisha.

Mkanda wa pointi tatu haufanyi hivyo kirahisi. Umeshika bega moja tu, kwa hiyo mwili unageuka kidogo na nyonga inabaki chini ya mkanda wake.

Watu wa mashindano walitatua jambo hili kwa kuongeza kamba ya tano ao ya tano na ya sita, zinazopita katikati ya mapaja. Kazi yake si kushika mtu asiende mbele. Kazi yake ni kuzuia kufuli isipande. Lakini ili ifanye kazi, inapaswa kushuka kupitia tundu la kiti, chini ya mwili. Kiti cha kiwanda, mara nyingi, hakina tundu hilo. Kuko wanaoipitisha mbele, juu ya ukingo wa kiti. Kamba hiyo inazunguka sponji, inalegea, na haishiki nyonga mahali pake. Wengine wanatoboa kiti kwa kisu. Mule ndani kuko fremu, na mara nyingi kuko kipima uzito kinachoambia mfuko wa hewa kama mtu amekaa. Kiti kilichotobolewa si kiti cha kiwanda tena, na si kiti cha mashindano pia. Ni kitu cha tatu ambacho hakuna aliyekipima.

Kuko njia nyingine iliyotengenezwa na Schroth, kampuni ya Ujerumani. Katika baadhi ya mikanda yake ya pointi nne, kamba moja ya bega ina mkunjo ulioshonwa. Nguvu ikifika kiasi fulani, uzi unakatika kwa makusudi, kamba hiyo inakuwa ndefu kidogo, bega moja linaenda mbele kuliko lingine, na mwili unageuka kama vile ndani ya mkanda wa pointi tatu. Nyonga inabaki chini. Ni akili nzuri sana. Lakini inafaa tu kwa gari ambazo kampuni yenyewe imetaja kwa jina, na viti vyake. Mkanda mwingine wa pointi nne ambao kwa macho unafanana nao, bila mkunjo huo, hauna kinga hiyo.

3. Kamba za mabega zinaenda wapi?

Swali hili wengi hawaliulizi. Wanatafuta buloni yoyote iliyo nyuma ya kiti, kwenye sakafu, na kufunga pale. Ni mbaya kabisa.

Kamba ikitoka begani na kushuka nyuma kwa pembe ya digri 45, kila kilo 100 za kukuvuta nyuma zinakuja na kilo 100 zingine za kukukandamiza chini, juu ya uti wa mgongo. Kwa digri 20 zinakuwa karibu kilo 36. Kwa digri 10, karibu 18. Rudisha hesabu kwenye magunia yetu na utaona mgongo wako unabeba nini. Njo maana kanuni za FIA zinakataza kupita digri 45 na zinashauri kutopita 10. Zinakataza pia kufunga mikanda kwenye kiti chenyewe ao kwenye miguu yake, kwa sababu hapo kiti kinakuwa sehemu ya mzigo.

Kwa MX-5, ambayo haina viti vya nyuma, maana yake ni kwamba lazima kuwe na bomba la chuma nyuma ya mabega, kwenye urefu unaofaa. Mara nyingi bomba hilo linakuwa sehemu ya upinde wa kinga. Katika gari zenye paa, kuko wanaofunga bomba moja tu la kulala, kutoka ukuta mmoja wa gari hadi mwingine. Linashika kamba, sawa. Lakini gari ikipinduka halizuii paa hata kidogo. Msichanganye hayo mawili.

4. Kiti chenyewe

Kiti cha kiwanda kimetengenezwa kwa mkanda mmoja unaotoka ukutani. Mgongo wake unaegemea, unarekebishwa, na mabega yake ni ya mviringo na laini. Kamba mbili za mashindano hazina mahali pa kupita: zinateleza kando, zinatoka mabegani wakati gari inakata kona, ao zinapitishwa katikati ya vyuma viwili vya kichwa cha kiti, vyuma ambavyo havikuwekwa kwa kazi hiyo. Sponji nayo ni nene. Leo umekaza mkanda vizuri. Gari ikigonga sponji inalala, na mkanda uliokuwa umekaza unakuwa na nafasi. Nafasi hiyo mwili unaipita kwa mwendo, na mwendo njo unaovunja.

Kiti cha mashindano kina umbo la bakuli, mgongo wake hauegemei, kina matundu mawili ya mabega, mawili ya nyonga na moja ao mawili ya chini. Viwanda vingine vinauza gari na kiti cha namna hii tangu mwanzo. Porsche kwa 911 GT3 yake ina chaguo la Clubsport: upinde wa chuma nyuma ya viti, mkanda wa pointi sita upande wa dereva, na kizima moto. Muone vizuri: hata kiwanda, kilipotaka kutoa mkanda wa pointi sita, hakikuuza mkanda peke yake. Kiliuza upinde pamoja nao.

5. Paa na shingo

Hapa tunarudi kwenye trakta. Ndani ya mkanda wa pointi tatu, gari ikipinduka na paa kushuka, mwili wa juu unaweza kulala upande kidogo. Ndani ya mikanda ya mashindano iliyokazwa, unabaki wima kama mti, na kichwa njo kitu cha kwanza kupokea paa. Kwa gari wazi kama MX-5, paa lenyewe ni kitambaa. Njo maana kanuni ambayo walimu wengi wa kuendesha kwa mwendo wanaifuata ni fupi: bila upinde wa chuma, hapana mikanda ya mashindano.

Na upinde ukikuwapo, pima. Vaa kaske, kaa kwenye kiti, halafu mtu aweke fimbo iliyonyooka kutoka juu ya upinde hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele. Fimbo ikigusa kaske, wewe ni mrefu kuliko kinga yako. Kwa MX-5 watu warefu wanashindwa mara nyingi kipimo hiki wakikalia kiti cha kiwanda, kwa sababu kiko juu. Chuma kinachokaribia kichwa kifunikwe pia na sponji ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kichwa bila kaske kikigonga bomba tupu, hata barabarani kwa mwendo mdogo, ni hatari.

Kisha shingo. Mikanda sita imeshika mwili wote, lakini kichwa hakikushikwa na kitu. Mwili unasimama, kichwa na kaske yake vinaendelea. Mzigo unakusanyika pale ambapo fuvu linakutana na shingo, na mfupa wa chini ya fuvu unavunjika. Ndivyo alivyokufa Dale Earnhardt, bingwa wa NASCAR, huko Daytona tarehe 18 Februari 2001, kwenye mzunguko wa mwisho. Hakuwa mgeni katika kazi hiyo. Alikuwa ameshinda ubingwa mara saba. Dawa ilikuwa tayari inajulikana: profesa Robert Hubbard wa Chuo Kikuu cha Michigan State na shemeji yake Jim Downing, dereva, walikuwa wameunda HANS tangu miaka ya 1980. Ni kifaa kinachokaa mabegani chini ya kamba na kushika kaske kwa nyuzi mbili. NASCAR ililazimisha kinga ya kichwa na shingo kabla ya mwaka ule kwisha, na Formula 1 ililazimisha HANS 2003.

Sasa angalieni namna vitu vinavyoshikana. HANS ya kawaida inahitaji kamba mbili za mabega zilizolala vizuri juu yake. Kamba zinahitaji kiti chenye matundu na bomba kwenye urefu sawa. Kiti cha wima kinahitaji upinde. Ukivuta uzi mmoja, nguo yote inakuja.

6. Njia tatu, si nne

Nilimuandikia ndugu yangu hivi, na ninawaandikia ninyi pia.

Njia ya kwanza: bakiza kila kitu cha kiwanda. Kiti, mkanda wa pointi tatu, mifuko ya hewa. Kwa mtu anayekwenda kiwanjani mara mbili ao tatu kwa mwaka na kurudi nyumbani na gari ile ile, ni njia yenye akili, na ni ya bure. Ukitaka kushikwa zaidi, sukuma kiti nyuma, vuta mkanda kwa nguvu hadi ujifunge, halafu rudisha kiti mbele: utakukaza nyonga vizuri. Na kwa gari wazi, upinde wa kinga bado ni wa lazima, na viwanja ao vilabu vingi havitakupokea bila huo.

Njia ya pili: mkanda wa pointi nne wenye kinga ya kuteleza, uliokubaliwa kwa barabara ya Ulaya na wenye alama ya E ndani ya duara, ikiwa gari yako na kiti chako vimetajwa na mwenye kuutengeneza. Funga kwenye pointi alizoandika yeye, si kwenye pointi unazozipenda wewe.

Njia ya tatu: kamilisha mfumo wote. Kiti cha bakuli, mkanda wa pointi sita, upinde, sponji ya upinde, kaske, HANS. Hapo gari inakuwa ya kiwanja kuliko ya barabara. Barabarani, mtu aliyefungwa pointi sita hawezi kugeuka vizuri kuangalia nyuma yake.

Njia ya nne, ile ambayo inavuta watu kwa sababu ya bei, ni mikanda myekundu juu ya kiti cha kiwanda, bila upinde, bila HANS, buloni sakafuni. Hiyo si katikati ya njia ya kwanza na ya tatu. Iko chini ya zote mbili.

Na bibi aliye kando? Apate kinga sawa na ya dereva. Vilabu vingi vya Marekani vinalazimisha hivyo: haiwezekani dereva awe na pointi sita na abiria awe na tatu. Ni haki, maana abiria hana volani ya kushika na haoni kosa linakuja.

7. Kabla ya kulipa

Soma etiketi kama unavyosoma etiketi ya mfuko wa mbegu ao chupa ya dawa ya wadudu. Mkanda wa FIA unaandikwa mwaka wa mwisho wa kutumika; maisha yake ni miaka mitano. Ule wa SFI ya Marekani ni miaka miwili. Jua na jasho vinaudhoofisha uzi kabla jicho halijaona kitu. Mkanda uliokwisha kupita katika ajali, utupwe, hata ukionekana mpya, kwa sababu uzi umekwisha kunyooka mara moja na hautarudi. Na kama hauna etiketi kabisa, hiyo ni pambo, si mkanda.

Kuhusu kufunga: mkanda wa nyonga upite chini, pale paja linapokutana na nyonga, kamwe si juu ya tumbo. Kaza wa nyonga kwanza, wa mabega mwisho. Ukianza na mabega, unakuwa umekwisha kupandisha kufuli wewe mwenyewe. Buloni ziwe za nguvu inayotakiwa, na bati la sakafu lipewe kipande cha chuma cha kulitia nguvu kwa chini. Bati tupu linapasuka kama karatasi.

Sisi huku hatuna Spa-Francorchamps, lakini jambo hili linatugusa. Vijana wetu wanaangalia gari za rali za Kenya, Uganda na Rwanda, wanaona dereva amefungwa kamba kila upande, na wanataka kufanana naye ndani ya Toyota iliyokuja kwa meli. Wanachokiona ni kamba. Wasichokiona ni kizimba cha mabomba kilichosoderewa ndani ya gari lote, kiti kisichoegemea, na kifaa kilicho chini ya kaske. Dereva wa rali anatoka mzima kwenye gari iliyobingirika mara tano kwa sababu ya hivyo vyote pamoja.

Basi mwenye ndugu Ulaya ao hapa anayetaka kununua mikanda hiyo, amuulize maswali matatu kabla hajatoa pesa: Kamba za mabega zitafungwa wapi? Nini kitazuia kufuli isipande tumboni? Na gari ikipinduka, nini kitabaki kimesimama juu ya kichwa chako? Akiwa na majibu matatu, anunue. Akiwa na mawili, afunge mkanda uliotoka na gari.

Wiki ijayo tunarudi kwa mihogo.